Chuma Baridi Juu ya Benchi la Seremala

Katika daftari la matengenezo ya msikiti, ambalo katibu hulitunza pamoja na kumbukumbu za vikao, kazi kubwa ni chache. Paa hubadilishwa mara moja katika umri wa mtu, na rangi hupakwa kila baada ya miaka kadhaa. Kurasa nyingi zimejaa mambo madogo: bawaba ya dirisha iliyokatika, komeo lisilofunga, kishikio cha jeneza kilicholegea, kitasa cha kabati la misahafu kilicholiwa na kutu. Ukiyasoma mambo hayo kwa mpangilio utabaini kwamba karibu kila mara mbao na chuma vimekutana mahali pamoja, na kwamba kilichoharibika kwanza ni chuma.

Majumbani mwetu hali ni hiyohiyo. Kitanda, meza ya mtoto ya kusomea, mlango wa jiko, banda la kuku, na huko mlimani mpini wa jembe na wa mundu, vyote ni mbao zilizoshikana na chuma. Ndiyo maana tumeona ukurasa huu wa familia uzungumzie jambo ambalo mafundi wetu wa Moshi huulizana mara kwa mara: je, benchi la seremala laweza kutumika kwa kazi ndogondogo za chuma bila kuliharibu, na bila kuiweka nyumba hatarini?

Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja linalobeba mengine yote. Benchi hilo lipokee chuma baridi tu. Tunakusudia chuma kinachokatwa kwa msumeno wa mkono, kinachopigwa tupa, kinachotobolewa, kinachokunjwa na kinachopigwa ribiti. Chuma kinachochomelewa, kinachofuliwa kikiwa chekundu, au kinachokatwa kwa grinda na kurusha cheche, kina mahali pake, na mahali hapo ni nje.

Mbao na chuma ni jirani wa zamani

Wenyeji wa Kilimanjaro wanajua kuwa uhunzi ni kazi ya kale mlimani. Mamba, jirani na Marangu, palisifika kwa wahunzi wake, na hadi leo mgeni anayepita huko huonyeshwa namna mvukuto wa ngozi unavyopuliza mkaa na namna mkuki unavyofuliwa. Chuma chao kilipatikana kwa biashara kutoka Upare. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, ameyaeleza mapokeo ya Ugweno kwamba ukoo wa Washana, ambao ulikuwa wa wahunzi, ndio uliokuwa na madaraka kabla ya ukoo wa Wasuya kuyatwaa. Basi mhunzi katika nchi hizi hakuwa mtu wa kudharauliwa.

Pwani nako, mafundi wa majahazi wamezoea kutoboa mbao kwa keekee na kupigilia misumari mirefu ya chuma, na milango ya Zanzibar haikamiliki bila minyororo yake na vichwa vyake vya shaba. Nasi Waislamu tunasoma katika Suratul-Qamar kwamba safina ya Nabii Nuh (a.s.) imetajwa kwa vitu viwili tu, ambavyo wafasiri wengi wamevieleza kuwa ni mbao na misumari. Aidha, katika Surat Saba' tunaelezwa kuwa Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na azipime vyema pete zake. Kipimo, kwa hiyo, ni sehemu ya kazi ya chuma tangu zama hizo.

Hata hivyo, ujirani una adabu zake. Mbao huungua, chuma hutoa cheche. Mbao hunywa mafuta, chuma huyahitaji. Mbao zilizopigwa randa hutaka uso safi, chuma humwaga unga mkali kila kinapoguswa na tupa. Fundi anayetaka kuviweka pamoja hana budi kuzijua tofauti hizo kwanza.

Kwa nini seremala ajisumbue na chuma

Anayetembea katika mitaa ya Majengo, Pasua au Njoro huona karakana nyingi za useremala, nyingine zikiwa ni kibanda cha mabati kilichoegemezwa nyuma ya nyumba ya kuishi. Humo mnatengenezwa vitanda, makabati na fremu za milango kwa mbao za mgrivea, mringaringa, msindano na nyinginezo. Mgrivea na mringaringa ni miti ambayo mkulima wa mlimani huipanda ndani ya shamba lake la migomba na kahawa, kwa hiyo mbao hizo si ngeni kwetu.

Lakini mazoea ya wateja yamebadilika. Madirisha siku hizi yana nondo za kuzuia wezi, mageti ni ya chuma, na viti na meza nyingi zina fremu ya chuma na uso wa mbao. Seremala asiyeweza hata kukata kipande cha chuma bapa na kukitoboa matundu mawili hulazimika kwenda mjini kwa kila kishikio na kila pembe ya kuimarishia kiungo. Nauli hutoka katika faida yake, na siku hutoka katika ahadi aliyompa mteja. Baya zaidi, wapo wanaoamua kuinunua grinda, kuiweka juu ya benchi lilelile lenye maranda, na kuanza kukata chuma. Hapo ndipo tunapotaka kusimama na kusema neno.

Suala hili liliwahi kufika katika kamati yetu. Tulihitaji makomeo 16 ya madirisha, na fundi seremala aliyetengeneza fremu zenyewe akaomba apewe na kazi ya makomeo. Baadhi ya wajumbe waliona apewe, kwa kuwa ni jirani na ana familia ya kulisha. Wengine waliona kazi ya chuma iende kwa fundi wa chuma. Mjadala ulihusu ubora na gharama, hadi mke wa fundi huyo, aliyeitwa pamoja na mumewe kutoa maelezo, alipouliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumeliuliza: cheche zikiangukia maranda usiku, watoto watatokea mlango gani? Karakana ile imeegemea ukuta wa chumba wanacholala.

Kamati iliafikiana kwamba kazi apewe, kwa sharti la chuma baridi. Yafuatayo ni maelezo ya namna benchi lake lilivyoandaliwa, pamoja na kanuni ambazo mafundi wa chuma huzifuata, ili kila mwenye benchi nyumbani aweze kunufaika.

Maadui watatu wa benchi

Adui wa kwanza ni unga wa chuma. Chembe zake hujikita katika uso wa benchi, na ubao wa mteja ukiburutwa juu yake hupata mikwaruzo isiyotoka kwa msasa mwepesi. Chembe hiyohiyo ikinaswa na ulimi wa randa, makali humeguka. Tena, mbao nyingi zina dawa ya asili iitwayo tanini, ileile iliyomo katika majani ya chai. Chuma kikikutana na tanini penye unyevu hutokea doa jeusi lenye rangi ya wino. Fundi hushangaa kuona kabati alilolipaka vanishi jana lina madoa leo, kumbe chembe zilikuwa juu ya benchi tangu wiki iliyopita.

Adui wa pili ni mafuta. Kutoboa chuma huhitaji tone la mafuta, na jiliwa huhitaji grisi. Mafuta yakiingia katika mbao, gundi haishiki na rangi haikai.

Adui wa tatu ni cheche, ambaye ni adui wa nyumba nzima. Huyu hatumpatii nafasi juu ya benchi kabisa, na tutarudi kwake mbele.

Dhidi ya maadui wawili wa kwanza, dawa ni moja: chuma kisiguse uso wa benchi. Kiwe na uso wake chenyewe, unaowekwa wakati wa kazi na kuondolewa kazi inapokwisha.

Ubao wa kubebea jiliwa

Uso huo ni ubao mnene ambao juu yake limefungwa jiliwa la chuma, ambalo mafundi wengi mjini huliita vaisi. Kwa kazi za nyumbani na za seremala, jiliwa lenye taya za inchi 4 latosha. Ubao wake uwe wa mti mgumu, unene wa sentimita 5, urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 35 hivi.

Kwa nini lisifungwe moja kwa moja juu ya benchi? Sababu ya kwanza ni ile ya unga na mafuta. Ya pili ni kimo. Benchi la seremala hufanywa fupi, karibu na kifundo cha mkono wa mtu aliyesimama, ili aweze kuegemeza uzito wake juu ya randa. Kwa mtu wa kimo cha wastani ni sentimita 80 hadi 85. Kupiga tupa ni tofauti: ncha ya juu ya taya za jiliwa inafaa iwe sawa na kiwiko, ili mkono usukume tupa ikiwa imelala sawasawa. Hicho ni kimo cha kama sentimita 105. Jiliwa la inchi 4 husimama karibu sentimita 15. Ukijumlisha na unene wa ubao, sentimita 5, utapata 20, na ukiziongeza juu ya benchi la 85 unafika palepale panapotakiwa. Fundi hahitaji kujenga benchi la pili. Ubao unampa kimo na usafi kwa pamoja.

Chini ya ubao, kwenye ukingo wa mbele, pigilia kibao cha kuzuia kinachoning'inia mbele ya benchi. Tupa na msumeno wa chuma husukuma kwenda mbele, mbali na fundi, na kibao hicho hukataa ubao usisogee. Kama benchi lina jiliwa lake la mbao, kibao hicho hubanwa humo. Kisha toboa matundu mawili yanayopita ubao na uso wa benchi, upitishe bolti za milimita 12 zenye washa pana na nati chini. Ubao ukiondolewa, matundu ya benchi huzibwa kwa vigingi vya mbao.

Jiliwa lenyewe lifungwe kwa bolti zinazopita ubao wote, si kwa skrubu za mbao, kwa kuwa skrubu hung'oka baada ya siku chache za kupigapiga. Vichwa vya bolti vizamishwe upande wa chini ili ubao ulale sawasawa. Mambo mawili ya mahali yaangaliwe. Kwanza, ubao ukae juu ya mguu wa benchi, si katikati, ili pigo la nyundo lishuke ardhini badala ya kuutikisa uso. Pili, taya lisilosogea lichomoze kidogo mbele ya ubao na kibao chake. Fundi akitaka kukishika wima kipande kirefu cha nondo, kipande hicho kitashuka hadi chini bila kugonga benchi. Wengi hulisahau hili, na hulijua siku wanapokuwa na kazi ndefu mkononi.

Juu ya ubao tandika bati la unene wa milimita 1, likiwa limekunjwa kuinuka kwa sentimita 1 nyuma na pande mbili, mfano wa sinia. Ncha zake zigeuzwe na kugongwa zilale, zisikate vidole. Sinia hilo ndilo litakalopokea unga wa chuma na matone ya mafuta. Sakafuni, chini ya jiliwa, tandika kipande cha turubai laini.

Taya za jiliwa zina meno yanayoacha alama. Tengeneza vifuniko viwili vya bati la alumini au la shaba vilivyokunjwa kwa umbo la pembe, uvivike juu ya taya unaposhika kitu kilichokwisha kusafishwa.

Kwa kunyoosha na kugongea, usilitumie jiliwa kama fuawe, kwani chuma chake cha kuyeyushwa kwa kawaida hupasuka kikipigwa sana. Tafuta bonge la chuma cha pua. Reli ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, na tangu zamani mafundi hupenda kipande cha reli kwa kazi hii. Hapa tunapenda kutahadharisha: reli ni mali ya umma, na kipande kisichojulikana kilikotoka kinaweza kuwa kimeibwa. Nunua chuma chakavu kwa muuzaji anayetoa risiti, au tumia bonge jingine. Hatuoni faida ya kujenga riziki juu ya fuawe la wizi.

Kukata, kupiga tupa na kutoboa

Vifaa vya mbao visitumike kwa chuma. Patasi ni ya mbao, na tindo ndiyo ya chuma. Tupa mbili, moja bapa na moja ya nusu duara, msumeno wa chuma, sentapanchi, nyundo ya gramu 500 hivi na keekee ya mkono au ya umeme vyatosha kuanza. Viwe na sanduku lake, visichanganywe na randa.

Ulimi wa msumeno wa chuma una urefu wa sentimita 30, na meno yake yaelekee mbele. Ulimi wenye meno 18 kwa inchi ni wa vipande vinene, wa 24 ni wa kazi za kawaida, na wa 32 ni wa mabati na mabomba membamba. Kanuni rahisi ni kwamba wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe yamegusa chuma. Yakipungua, jino moja hunasa na kuvunjika, na mengine hufuata. Vuta pumzi, sukuma taratibu kwa urefu wote wa ulimi, na urudishe bila kukandamiza.

Tupa nayo hukata inaposukumwa, si inaporudi. Inyanyue kidogo unapoirudisha. Isitumike kamwe bila mpini, kwa kuwa mkia wake uliochongoka umekwisha kutoboa viganja vya wengi. Ukiipaka chaki kabla ya kazi, chembe hazitaziba meno yake kwa urahisi. Meno yakiziba, yasafishe kwa burashi ya waya.

Kabla ya kutoboa, weka alama kwa sentapanchi, la sivyo ncha ya keekee itateleza na kukwaruza kazi yote. Bana kipande cha chuma juu ya kibao kibovu, usikishike kwa mkono. Ncha inapokaribia kupenya upande wa pili hunasa ghafla, na kipande kisichobanwa huzunguka kama panga. Kadiri tundu linavyokuwa kubwa ndivyo keekee inavyopaswa kuzunguka polepole, na tone la mafuta huongeza umri wa ncha.

Hapa tuseme na familia kuhusu mavazi. Mikono mipana ya kanzu, ncha za ushungi, kitambaa cha shingoni na pete havisogei karibu na keekee inayozunguka. Glavu pia zivuliwe wakati wa kutoboa, kwani zikinaswa huvuta mkono mzima. Miwani ya kukinga macho ivaliwe na anayefanya kazi na kila anayetazama, akiwemo mtoto aliyetumwa kuleta chai.

Kazi ikiisha, usipulize unga wa chuma kwa mdomo, maana hurudi machoni. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, uitie ndani ya mfuko wa plastiki, uipitishe juu ya sinia na turubai. Chembe zitaushika mfuko. Ugeuze mfuko ndani nje, uitoe sumaku, na chembe zote zitabaki ndani. Kumbuka tu kwamba sumaku haishiki alumini wala shaba. Hizo zifagiliwe kwa burashi ndogo inayotumika kwa kazi hiyo peke yake. Kisha ubao na jiliwa lake viteremshwe na kuwekwa chini ya benchi, na uso wa benchi ufutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya mbao yoyote kurudi juu yake.

Cheche na nyumba ya watoto

Sasa tumrudie adui wa tatu. Cheche ya grinda ni kipande cha chuma chenye moto. Ikiangukia maranda haiwashi moto papo hapo daima. Mara nyingi huzama chini na kufuka polepole bila mwale na bila moshi mwingi, kwa muda mrefu. Fundi hufunga kibanda, akala chakula cha jioni, akalala, na moto ukaamka baada yake.

Kanuni za Marekani kuhusu kazi za moto zinataka vitu vyenye kuungua viwe umbali wa mita 11 kutoka penye cheche, na mtu abaki akilinda kwa saa moja baada ya kazi. Viwanja vya Majengo na Pasua mara nyingi havina mita 11 kutoka ukuta hadi ukuta. Hiyo yenyewe yatosha kutuonyesha kwamba grinda haiwezi kukaa juu ya benchi la seremala. Asiye na nafasi apeleke kazi hiyo kwa mchomeleaji mwenye kiwanja cha wazi. Mwenye nafasi aifanye juu ya ardhi tupu iliyofagiliwa na kumwagiwa maji, akikinga upande wa nyumba kwa bati, akiwa na ndoo ya maji na mchanga karibu, na kuimaliza mapema mchana ili saa ya ulinzi ipite kabla ya karakana kufungwa. Mabati yenye zinki yasichomwe moto mahali palipofungwa, kwani moshi wake huumiza mapafu na kuleta homa.

Hata kwa chuma baridi, maranda yafagiliwe kabla ya ubao wa jiliwa kupanda. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yanayopakwa mbao, visirundikwe pembeni, kwa kuwa hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au vitiwe ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Na kila aliye nyumbani, mtoto kwa mkubwa, aijue namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.

Makomeo 16

Yule fundi aliyafanya makomeo yote juu ya ubao wa jiliwa. Chuma bapa cha unene wa milimita 3 kilikatwa kwa msumeno, kikapigwa tupa, kikatobolewa. Vishikio vya kupitishia fimbo vilikunjwa baridi katika taya, vikapigiliwa kwa ribiti zilizokatwa kutoka katika misumari. Fimbo zenyewe zilikuwa chuma cha mviringo cha milimita 10. Makomeo ya kwanza mawili yalichukua muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu alikuwa akipima kila moja peke yake. Alipotengeneza kipande kimoja cha bati kuwa kielelezo cha kuchorea matundu, kazi ikaenda.

Bawaba mbili za geti zilihitaji kuchomelewa. Hizo hakuzigusa. Zilipelekwa kwa mchomeleaji na kulipiwa huko, na kamati haikuona kuwa amepungukiwa na ufundi kwa kukataa. Tuliona ameitunza amana.

Yapo manufaa mengine ambayo hatukuyatarajia. Kijana wake wa kiume na binti yake wamejifunza kupiga tupa wakiwa wamevaa miwani, na kwa kuwa kazi baridi haina kelele nyingi, huifanya baada ya masomo bila kuwaudhi majirani. Kijana mwenye kupenda kuendelea ana pa kwenda, kwani mjini Moshi kipo chuo cha VETA. Mundu wa jirani hunolewa hapo, mpini wa jembe hupata pete mpya ya chuma, na mama wa nyumba ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la vifaa.

Tunawashauri wenye mabenchi majumbani waanze na ubao huo kabla ya kununua mashine yoyote ya umeme. Jiliwa, tupa na msumeno huenda polepole, lakini kazi nyingi za nyumba na za msikiti ni ndogo kiasi cha kuusubiri mwendo huo. Kamati za misikiti nazo, zinapogawa kazi, zisiangalie bei peke yake. Ziulize pia kazi itafanyikia wapi, na nani analala upande wa pili wa ukuta.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono ya mafundi wetu, na azilinde nyumba zao. Amin.